Niliulizwa kama nakunywa kahawa, nikasema sinywi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako wa Moshi aliyewataka wazee wote wenye presha waache kahawa mara moja. Sina ugomvi naye. Mimi nilipewa ushauri huohuo mwaka jana, nikautii kama anavyotii mtu aliyesoma shule ya misheni, na usiku wa nne nikaokotwa mlangoni pa choo nimekaa chini, damu inachuruzika kwenye paji la uso. Naomba nafasi nieleze ilivyokuwa.

Nina miaka 72. Kwa miaka 27 nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, huku Bukoba Vijijini. Nimepima kahawa ya maganda na kahawa safi, nimegombana na wakulima walioweka mawe ndani ya gunia, na kabla hatujaletewa kipima unyevu tulikuwa tunang'ata punje kwa meno kujua kama imekauka. Meno yenyewe yameishia hukohuko. Sasa nina magego mawili tu yanayofanya kazi, yote upande wa kushoto, na hayo ndiyo yaliyonitia matatani.

Kwa wasomaji wasioijua Kagera: sisi kahawa hatuinywi sana, tunaitafuna. Matunda ya robusta, aina ya kahawa ya huku, huchumwa mabichi, hayajawa mekundu, yanachemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha yanaanikwa juani mpaka yawe meusi na magumu. Kila tunda lina punje mbili ndani. Tunaita akamwani. Mgeni akiingia nyumbani, kabla hajaulizwa shida iliyomleta, anasogezewa kikapu kidogo achukue moja au mbili. Zamani watu wawili walipofunga undugu wa damu, tunda moja la kahawa lilipasuliwa, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Siku hizi akamwani inauzwa stendi katika vifuko vya nailoni, na mimi kifuko kimoja cha matunda kama arobaini kilikuwa kinanitosha siku moja. Ukizeeka huna meno ya kutafuna, unaiweka shavuni unaimung'unya taratibu. Hata hivyo utamu wake unatoka wote.

Presha niligunduliwa nayo miaka tisa iliyopita. Nilianzishiwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila asubuhi, na kila mwezi nakwenda kliniki. Siku ya kwanza kabisa muuguzi, binti mwenye heshima zake, alikuwa anajaza daftari langu. Sigara? Hapana. Pombe? Lubisi, siku za arusi. Chumvi ya mezani? Nimeacha.

"Babu, unakunywa kahawa?"

"Sinywi, mwanangu."

Na nilisema kweli. Mimi hunywa chai ya rangi. Kahawa ya kunywa, ya unga, nimeionja labda mara kumi maishani, na mara nyingi ni hotelini Mwanza. Binti akaandika kwamba mgonjwa hatumii kahawa. Wakati anaandika hayo, shavuni mwangu mlikuwa na akamwani ya tatu ya asubuhi ile.

Maandishi yale yakakaa katika daftari miaka minane.

Mwaka jana presha ikaanza kusumbua: 160 na ushei, mwezi uliofuata 168 kwa 96. Kuna daktari mpya alikuwa amehamia kwetu kutoka Dodoma. Nikiwa mbele yake nikatia mkono mfukoni, nikatoa moja nikaitupia mdomoni, mazoea tu. Akaniuliza babu unakula nini. Nikamwambia. Hakuelewa, ikabidi muuguzi amweleze, na uso wa daktari ukabadilika kama wa mkaguzi aliyekuta gunia limetobolewa. "Kumbe unatumia kahawa! Acha kabisa, kuanzia leo." Kisha akaniongezea dawa ya pili, losatani miligramu 50.

Ninamheshimu daktari yule na hakunitakia mabaya. Lakini mimi ni mtu wa mizani. Ukiweka magunia mawili kwa pamoja juu ya mizani, huwezi kujua lipi lina mawe. Aliongeza dawa na kuondoa kahawa siku moja, wala hakuniambia mwili utafanya nini kahawa ya miaka hamsini na zaidi ikikatika ghafla.

Siku ya kwanza nilipita salama mpaka jioni, ila kichwa kilikuwa kizito. Siku ya pili kikaanza kugonga nyuma ya macho, nikawa mkali kwa wajukuu, nikasinzia saa tano asubuhi kitini kama kuku mgonjwa. Nyumbani wote tukakubaliana: presha imepanda. Sisi watu wa kijijini kichwa kikiuma na una presha, basi ni presha. Nikafanya nilichoona ni busara, nikameza amlodipini nyingine jioni. Siku iliyofuata pia mbili. Na kwa sababu kichwa hakikukoma, nikamtuma mjukuu duka la dawa, akaleta vidonge vya maumivu. Nilimeza viwili, na saa moja haikuisha kichwa kikawa chepesi kabisa, nikasifu kiwanda kilichovitengeneza. Nikaendelea navyo, viwili asubuhi, viwili jioni.

Usiku wa nne niliamka kwenda kukojoa. Nakumbuka nilisimama. Kilichofuata ni sauti ya mke wangu.

Binti yangu wa tatu ameolewa na mfamasia, wanaishi mjini. Mkwe huyo alikuja na mashine yake ya presha kabla jua halijachomoza. Ilisoma 98 kwa 58. Akaniomba nimwonyeshe kila nilichomeza tangu siku ya kliniki, nikamwaga vyote kitandani. Amlodipini akaihesabu, akanitazama, hakusema kitu, maana mimi ni baba mkwe wake. Halafu akachukua boksi la vidonge vya maumivu, akaligeuza, akanisomea herufi ndogo pembeni: parasetamoli miligramu 500, kafeini miligramu 65. Kafeini ndicho kichangamshi kilichomo ndani ya kahawa.

"Baba," akasema, "kahawa umeifukuza mlangoni, imeingia dirishani."

Ndipo nikaelezwa yale ambayo nilipaswa kuelezwa kliniki. Mtu aliyezoea kafeini akiiacha ghafla, kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baadaye, huzidi siku ya kwanza na ya pili, na kinaweza kuendelea zaidi ya wiki. Si presha. Vidonge vile vilinituliza upesi kwa kuwa vilinirudishia kafeini ileile iliyokatazwa. Na amlodipini si maji ya kuzimia moto. Inafanya kazi polepole na inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kidonge cha jana bado kipo ukimeza cha leo, na ukiongeza vya kwako, vinarundikana. Pamoja na losatani mpya, presha ilishuka mno. Mzee akiamka usiku na kusimama haraka, damu haifiki kichwani kwa wakati. Siku hizi nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nahesabu hadi thelathini, ndipo nasimama. Kosa la kuongeza vidonge lilikuwa langu mwenyewe na silipakazi kwa mtu.

Jioni ile, kichwa kimefungwa bandeji, nikamwambia mkwe wangu tufanye hesabu, maana nilitaka kujua nilikuwa nakula kiasi gani hasa. Mizani ya duka la jirani haionyeshi gramu moja moja, hivyo tukahesabu matunda mia moja, tukayamenya maganda, tukapima punje mia mbili kwa pamoja. Zilikuja gramu 28. Robusta ina kafeini kama asilimia mbili hivi ya uzito wake, karibu mara mbili ya arabika anayokunywa msomaji wako wa Moshi kule mlimani. Kwa hiyo tunda moja lina kama miligramu tano na nusu. Ni hesabu ya mkono. Kiasi hupotea katika maji ya kuchemshia, na wengine hutema makapi. Lakini matunda arobaini ni miligramu 200 na zaidi. Vikombe vyangu vitatu vikubwa vya chai ya rangi, mkwe aliviweka kwenye 40 kila kimoja, 120. Na siku za mgongo, ambazo wakati wa palizi ni karibu kila siku, vidonge viwili vya maumivu, 130. Jumla inapita 450.

Kiwango ambacho wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walikitaja mwaka 2015 kuwa hakina madhara kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku. Mwenye afya. Mimi ni mzee wa presha, natumia dawa mbili, na daftari langu linasema situmii kahawa.

Sasa nieleze jambo la benchi, maana nadhani wagonjwa wengi hawalijui. Kliniki yetu huanza kupima saa tatu, lakini ukitaka kuwahi foleni ufike saa kumi na mbili. Nilikuwa nashuka kwenye bodaboda, napanda kilima kwa miguu, nakaa kwenye benchi lisilo na egemeo, na kwa uchovu wa kusubiri namung'unya akamwani moja baada ya nyingine mpaka naitwa. Kafeini hufika kileleni mwilini kati ya nusu saa na saa moja. Kwa mtu asiyeizoea inaweza kuinua presha kwa muda, ile namba ya juu ikaongezeka tano hadi kumi. Aliyeizoea haimpandishi sana, lakini haina maana haimgusi. Basi mimi nilikuwa napimwa kifua bado kinahema, kahawa mdomoni, kibofu kimejaa kwa sababu ukienda choo unapoteza nafasi, na mkono unaning'inia. Mkwe akanifundisha: nusu saa kabla ya kipimo hakuna kahawa, chai wala sigara; nenda haja kwanza; kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mwezi uliofuata nilifanya hivyo nikapata 144 kwa 82. Sijui ngapi ni kazi ya losatani na ngapi ni kazi ya benchi. Ndiyo shida ya magunia mawili.

Kwa nini basi nasema msomaji wa Moshi amekosea kuwaambia wote waache? Mkwe alinisomea utafiti wa Japani uliotolewa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya 18,000 kwa karibu miaka 19. Wenye presha ya 160 kwa 100 na kuendelea waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikuwa na hatari mara mbili ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kuliko wasiokunywa. Lakini kwa kikombe kimoja hatari hiyo haikuonekana, na kwa wale ambao presha yao ilikuwa chini ya hapo haikuonekana pia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyowaua, ila mimi unanitosha kunipa swali la kwanza: presha yako imesimama wapi? Niliyekuwa kwenye 168 nilikuwa na sababu ya kupunguza. Mwenzangu aliye kwenye 130 na anakunywa kikombe kimoja baada ya Misa, mwacheni na kikombe chake.

Swali la pili ni dawa gani nyingine unameza. Jirani yangu, rika langu, alipewa sipro kwa ajili ya maambukizi ya njia ya mkojo. Siku tatu hakulala, moyo unamwenda mbio, akaamini amerogwa. Kumbe sipro inalizuia ini kuivunja kafeini, hivyo kahawa ileile aliyozoea ikawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwa kawaida nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa kama tano. Ukizuia njia ya kutokea, akamwani ya jioni unakesha nayo. Verapamili, dawa ya presha na mapigo ya moyo, nayo inafanya jambo la aina hiyo. Aminofilini wanayopewa wenye pumu ni ndugu wa karibu wa kafeini, kwa hiyo zikikutana mikono inatetemeka na moyo unadunda. Na wenye moyo mkubwa wanaotumia furosemidi, ile dawa ya kukojoa, wakiongeza kahawa jioni wanaamka usiku mara nne badala ya mbili, na kila kuamka ni nafasi ya kuanguka kama nilivyoanguka mimi.

Hata dawa za mgongo zenyewe nimeambiwa niziangalie. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku tunanunua kama karanga, zinapandisha presha na kudhoofisha kazi ya dawa kama losatani, na figo za mzee zinaumia. Hiyo ni barua nyingine.

Nilirudi kwenye kahawa, nikapunguza kwa kushuka ngazi. Matunda arobaini, wiki iliyofuata thelathini, kisha ishirini, sasa ni kumi na mawili. Nayahesabu alfajiri nayatia kwenye kopo la zamani la mafuta ya mgando, na kopo likiisha limeisha. Baada ya saa nane mchana sigusi. Kichwa hakikuuma hata siku moja. Vijana wa ushirika watakumbuka butura, mkulima anapouza kahawa ingali maua mtini kwa sababu ana njaa leo, kisha msimu ukifika hana cha kuvuna. Mimi nguvu zangu za kesho nilikuwa naziuza butura kila jioni, halafu usiku nakodoa macho darini.

Kilichonisumbua zaidi ni ugeni. Huwezi kwenda kwa mtu huku ukakataa akamwani. Ni kama umekataa salamu yake. Kuna mama mmoja wa ukoo wetu, amenizidi umri, nilipomwambia daktari amenikataza alininyamazia mpaka nikaondoka. Sasa nimepata njia. Nikisogezewa kikapu nachukua moja kwa mikono miwili, nashukuru, naitia mfuko wa koti. Kilichotolewa kimepokelewa. Koti langu la msibani lina akamwani kuliko duka.

Ninachoomba si kikubwa. Wanaopima presha katika mkoa huu waulize pia kama mtu anatafuna, si kama anakunywa tu, na waulize chai, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na vidonge vya maumivu. Wakimwambia mzee apunguze, wamwambie apunguze kwa siku ngapi, na wamwonye kwamba kichwa kikiuma asijiongezee dawa ya presha. Wauzaji wa maduka ya dawa, mnapomkabidhi mtu mwenye mvi vidonge vyenye kafeini, mtajieni kafeini. Na ninyi wanetu mnaotusindikiza kliniki, msitujibie maswali mkiwa mnatazama simu.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki, nikakuta muuguzi mwingine mpya na daftari jipya, la zamani limejaa. Akaanza upya. Sigara? Pombe? Chumvi?

"Babu, unakunywa kahawa?"

Nikamwambia, "Sinywi, mama. Lakini usiandike bado."

Karani Mstaafu wa Mizani,
Bukoba Vijijini, Kagera